Bunduki Hutoka Ng'ambo

Wewe uliyeko Ikuti, ukishika njia ya kushuka Kyela hukawii kufika mto Songwe, mpaka wetu na Malawi. Mwezi wa Septemba 1968 Rais Banda alitangaza kwamba nchi yake kwa haki yaenea maili 100 kaskazini ya mto huo. Hesabu mwenyewe: Tukuyu yote imo, na migomba yako imo. Mwalimu Nyerere alikataa, wala vita havikutokea. Lakini nchi isikiapo jirani akinena hivyo, hutafuta silaha. Tena ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa wakipigana na wapigania uhuru wa Msumbiji.

Basi silaha zatoka wapi? Januari 1964 askari wetu waliasi, jeshi likavunjwa, likaundwa jipya. Wajerumani wa Magharibi wakaanza kuwafundisha marubani wetu. Mwaka 1965 wakaondoka, kwa sababu ya ugomvi wao na Wajerumani wenzao wa Mashariki. Wakaja Wakanada hadi 1970, kisha Wachina na vifaru na ndege. Waona? Aombaye bunduki hupewa na ugomvi wa mwenyewe.

Oktoba 1978 Idi Amin alivamia Kagera. Hapo silaha zilihitajiwa kweli, na nani angebisha? Ila Warusi walikuwa wamempa Amin silaha, na sisi pia tulimpiga kwa mizinga ya Kirusi, ile ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Papa Yohane wa 23 alikwisha kuandika mwaka 1963, katika waraka wa Pacem in Terris, kwamba amani ya kweli hujengwa kwa kuaminiana, si kwa kulingana silaha.

Iko na sababu isiyosemwa barazani, nayo ni faida ya dalali. Rada si bunduki, lakini ile tuliyoinunua kwa pauni milioni 28 ilitoka kwa kampuni ya silaha ya Uingereza, BAE Systems, na ilifaa jeshi kuliko ndege za abiria. Dalali alilipwa zaidi ya dola milioni 12. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kwamba haikuweka hesabu zake sawasawa. Mwaka 2012 ikailipa Tanzania pauni milioni 29.5, zinunue vitabu na madawati ya shule za msingi. Kama mwanao alisoma darasani miaka ile, huenda kitabu alichokuja nacho nyumbani kilikuwa cha chenji ya rada.