Tezi Inazidisha au Inavuja?

Mama anatoka Msalato, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kando ya barabara ya Kondoa. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda ilhali anakula vizuri. Kipimo cha damu kinaonyesha homoni za tezi ya thairoidi zimezidi. Zimezidi kwa nini?

Huenda tezi inazitengeneza bila kiasi, kama ilivyo katika ugonjwa wa Graves. Huenda pia imejeruhiwa na inamwaga tu akiba yake, wala haitengenezi homoni mpya. Mgonjwa wa hali ya kwanza anahitaji dawa ya kuizuia tezi, kama kabimazoli. Wa pili dawa hiyo haimsaidii, na mara nyingi tezi hutulia yenyewe. Wingi wa homoni peke yake hauwatofautishi, na kumpa mtu dawa kwa kubahatisha ni kumdhulumu.

Thairoidi hutengeneza homoni kwa ayodini, yale madini joto ya kwenye chumvi, na haibagui ya kawaida na yenye mionzi. Tangu miaka ya 1930, Dkt. Saul Hertz na wenzake walipoijaribu kwa sungura huko Boston, tabia hiyo imekuwa msaada mkubwa kwa matabibu.

Mgonjwa humeza kidonge chenye ayodini-131 kidogo sana. Baada ya saa 6, kisha 24, hukaa mbele ya kifaa kinachohesabu miali ya shingoni. Paja nalo hupimwa, ili mionzi iliyo kwenye damu itolewe katika hesabu. Kidonge kingine kama hicho, cha mfano, hubaki maabara kwa kulinganisha. Tuseme hicho kinatoa miali 10,000, shingo 5,500, paja 500: tezi imenyakua asilimia 50, wakati kawaida ya saa 24 ni takribani 10 hadi 30. Ingenyakua asilimia 2 tu, tungeshuku inavuja. Ayodini-131 hupungua nusu kila siku 8, lakini kidonge cha mfano hupungua kwa mwendo uleule, hivyo uwiano hauharibiki. Ustadi huu unanivutia mno.

Ila jibu hutegemea pia chumvi ya nyumbani. Tezi iliyokosa madini joto huinyakua ayodini kwa pupa hata kama haizidishi homoni. Aliyechomwa dawa ya picha ya CT yenye ayodini wiki chache nyuma, tezi yake imeshiba, na asilimia hushuka. Mjamzito hapimwi kabisa, wala anayenyonyesha.

Mama akipewa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ajipange kulala huko, maana kipimo kinavuka siku. Abebe orodha ya dawa zote anazotumia, na aseme mapema kama ana mimba.