Mstari wa ikweta Maseno na darubini za angani

MSAFIRI atokaye Kisumu kuelekea Busia hukutana Maseno na alama inayoonyesha mahali ikweta inapokata barabara. Wengi hupiga picha, kisha wakashika njia. Wachache wanafahamu kwamba mstari huohuo huzingatiwa sana wanasayansi wanapopanga kupeleka darubini angani.

Miale ya eksirei itokayo kwenye nyota haifiki ardhini, kwa kuwa hunyonywa na hewa. Anayetaka kuichunguza hana budi kupeleka vyombo angani. Huko nako kuna adha: chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia huvuruga vipimo, hasa juu ya Atlantiki Kusini. Setilaiti inayofuata ikweta huepuka sehemu kubwa ya eneo hilo.

Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi huo pekee, ilirushwa na Marekani kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru. Hadi kazi yake ilipokoma mwaka 1973, ilikuwa imekusanya habari za vyanzo 339 vya miale hiyo.

Desemba 9, 2021 ilifuata IXPE, ya Marekani na Italia. Ilirushwa kutoka Florida, mbali na ikweta, hivyo roketi ililazimika kutumia nguvu nyingi kuigeuzia njia hadi juu ya ikweta, takriban kilomita 600 kutoka ardhini. Kituo cha Malindi ndicho kilichoteuliwa kupokea data zake.

Hata hivyo, kupitiwa na setilaiti si kunufaika nayo. Muda wa darubini hutolewa kwa maombi: mtafiti hueleza swali lake, nyota anayotaka itazamwe na kwa muda gani, kisha jopo la wataalamu huchuja. IXPE ilianza kupokea kazi za watafiti wa nje mwaka 2024, na data zake huwekwa kwenye hifadhi ya intaneti bila malipo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa fizikia wa Maseno hahitaji jukwaa la roketi ili kuanza. Anahitaji kompyuta, intaneti na mwalimu wa kumfunza kuzisoma data hizo.

Wala hapaswi kukawia. Mwaka 1963 Riccardo Giacconi na wenzake walipendekeza setilaiti iliyokuja kuwa Uhuru, pamoja na darubini kubwa zaidi ya eksirei. Ya kwanza ilichukua miaka 7. Ya pili, Chandra, ilirushwa mwaka 1999, miaka 36 baadaye.