Uingereza: Treni ya mvuke iliyoshindwa na gari, na somo lake juu ya usalama wa reli

Asubuhi ya siku ya posho, tarehe 25 Aprili 2009, mashindano ya aina ya pekee yalianza London: treni ya mvuke, gari aina ya Jaguar XK120 na pikipiki aina ya Vincent Black Shadow zilitafuta ipi itafika kwanza Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Mwendo ulikuwa wa zaidi ya kilomita 600. Watangazaji watatu wa Top Gear, kipindi cha magari cha televisheni ya BBC, waligawana kazi. Jeremy Clarkson alipanda kwenye kichwa cha treni na kulisha moto makaa ya mawe, James May aliendesha gari, naye Richard Hammond akapanda pikipiki.

Mashindano yalipangwa kama vile ni mwaka wa 1949. Gari na pikipiki zilikatazwa kupita kwenye barabara kubwa za kisasa. Kipindi kilipoonyeshwa tarehe 21 Juni, watazamaji waliona gari likifika la kwanza, treni ya pili, pikipiki ya mwisho.

Wapenda treni za mvuke ni wengi Uingereza, na swali lao lilikuwa moja: je, treni ingeshinda kama ingeachiliwa ikimbie kwa nguvu zake zote? Linaonekana kama swali la mchezo, lakini jibu lake linagusa maisha ya watu.

Kwa nini treni ilichelewa

Kichwa kilichovuta treni hiyo kinaitwa Tornado. Si cha zamani. Vichwa 49 vya aina yake vilijengwa mwaka wa 1948 na 1949, na vyote vilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kuanzia mwaka wa 1990, kundi la wapenda reli lilianza kukusanya pesa ili kujenga kingine kipya. Watu wa kawaida waliombwa kutoa kila juma bei ya bilauri moja ya bia. Kazi ilifanyika katika mji wa Darlington, na mwaka wa 2008 Tornado kikatembea. Kiligharimu karibu milioni 3 za pauni.

Kichwa hicho kina nguvu ya kufikisha kilomita 160 kwa saa. Lakini siku ya mashindano sheria ilikiruhusu maili 75 tu, yaani kilomita 120 kwa saa. Tena, mvuke unataka maji. Tornado hubeba lita karibu 28.000, nazo hazitoshi kufika Edinburgh. Zamani kulikuwa na mifereji mirefu ya maji katikati ya reli, na treni ilichota maji bila kusimama. Mifereji hiyo iliondolewa zamani, kwa hiyo Tornado kililazimika kusimama njiani na kujazwa maji, huku gari likizidi kwenda.

Kuna waliosema kwamba treni ilinyimwa ushindi. Wengine walijibu kwamba bila masharti hayo treni ya mvuke isingeruhusiwa hata kidogo kupita kwenye reli moja na treni za kisasa zilizojaa abiria.

Mashindano ya zamani yaliishia kwa ajali

Wenye kujua historia ya reli wana sababu ya kuogopa mashindano. Mwaka wa 1888, na tena mwaka wa 1895, makampuni ya reli ya Uingereza yalishindana kweli, yakiwa na abiria ndani, kutoka London kwenda Scotland. Mamoja yalipita upande wa mashariki, mengine upande wa magharibi. Mwezi Agosti 1895, treni ya upande wa magharibi ilifika Aberdeen, mwendo wa kilomita karibu 870, kwa saa 8 na dakika 32. Magazeti yalisifu sana.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 13 Julai 1896, treni ya kwenda Scotland ilipita katika kituo cha Preston bila kusimama. Hapo kuna kona kali iliyotakiwa kupitwa kwa maili 10 kwa saa. Treni iliingia kwa mwendo unaozidi maili 40, ikatoka kwenye reli. Mtu mmoja alikufa. Kwa ajali ya namna hiyo, ilikuwa bahati kwamba hawakufa wengi, lakini raia waliingiwa na hofu, na makampuni yakakubaliana kupunguza mwendo. Mashindano yakaisha hapo.

Walifunga chombo cha kuwaonya

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 7 Machi 2015, huko Wootton Bassett, magharibi mwa Uingereza. Treni ya mvuke iliyobeba abiria wa matembezi ilipita taa nyekundu na kusimama mbele yake, juu ya njia panda ya reli. Treni nyingine ya mwendo wa kasi ilikuwa imepita mahali hapo chini ya dakika moja kabla. Hakuna aliyeumia.

Uchunguzi ulionyesha jambo la kuhuzunisha. Ndani ya kichwa cha treni kuna chombo kinachompigia dereva honi anapokaribia taa ya tahadhari. Asipojibu kwa kubonyeza kitufe, breki hujifunga zenyewe. Siku hiyo dereva hakujibu kwa wakati na breki zikafunga. Badala ya kusimama kama sheria inavyotaka, wafanyakazi walikifunga chombo hicho ili wasipoteze muda. Kwa hiyo walipofika penye hatari kubwa, hakikuweza tena kuwasimamisha. Kampuni ilitozwa faini ya pauni 200.000, naye dereva akapewa kifungo cha nje.

Kasi iliporuhusiwa

Hata Tornado kilipata nafasi yake. Usiku mmoja wa mwezi Aprili 2017, katika majaribio yasiyo na abiria, kilifikia maili 100 kwa saa, na wapenda reli wakashangilia. Tarehe 14 Aprili 2018 kilivuta abiria kikiwa na ruhusa ya kufika maili 90. Karibu na mji wa Sandy, sehemu ya mashine yake ya ndani ilivunjika, safari ikakatika. Hakuna aliyejeruhiwa.

Si mara ya kwanza mvuke kulipa bei ya kasi. Mallard, kichwa kilichoweka rekodi ya dunia mwezi Julai 1938 kwa kilomita 203 kwa saa, kilipata moto kupita kiasi kwenye chuma cha katikati ya mashine siku ileile, kikaondolewa kwenye treni yake kabla ya kufika London.

Hatari nyingine inatoka kwa wapenzi wenyewe. Mwezi Februari 2016, kichwa mashuhuri kinachoitwa Flying Scotsman kilirudi kwenye reli kuu kati ya London na York. Watu waliokitamani kwa picha waliingia hadi kwenye reli, treni ikalazimika kusimama, na nyingine zikachelewa.

Somo linalovuka mipaka

Wasomaji wa Kongo hawahitaji kuelezwa sana. Mwezi Machi 2022, treni ya mizigo iliyobeba mamia ya watu wasio na tiketi ilianguka bondeni huko Buyofwe, katika jimbo la Lualaba, na watu zaidi ya 60 wakafa. Wale hawakupanda kwa kupenda mvuke wala picha. Walikosa usafiri mwingine. Tofauti ni kubwa, lakini kanuni ni moja: reli haisamehe anayevuka kipimo chake, awe dereva mwenye haraka au kampuni inayoacha watu wapande juu ya mizigo.

Ndiyo maana, kati ya wapenda treni za mvuke, wako wanaoona nafasi ya pili ya Tornado kuwa si aibu. Kilisimama kila palipotakiwa kusimama, hakikupita kipimo cha mwendo, na kila aliyepanda London alishuka Edinburgh salama.