Daraja Lisilo na Waya: Jinsi Mtandao Unavyovushwa Barabara Kizota

Upande wa magharibi wa jiji la Dodoma, kuelekea barabara iendayo Singida, ipo kata ya Kizota. Wengi huijua kwa maghala na viwanda vyake, lakini katikati ya maghala hayo zimejengwa nyumba nyingi za kuishi, za matofali ya saruji na mapaa ya bati. Uwanda wenyewe ni tambarare, nao umeinuka takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyesimama juu ya paa huona mbali sana, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba mawimbi ya redio nayo yanasafiri hapo bila kizuizi. Dhana hiyo ndiyo inayowapotezea watu fedha.

Chukua mfano wa familia yenye nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza imo ruta, yaani kisanduku kinachopokea intaneti kutoka kampuni ya simu na kuigawa kwa kompyuta na simu za nyumbani. Nyumba ya pili iko ng'ambo ya barabara, umbali wa mita 120. Humo hulala bibi pamoja na wajukuu wawili walio sekondari, na intaneti haifiki. Kulipia huduma ya pili kila mwezi ni mzigo. Kuchimba mtaro wa waya katika barabara ya umma kunahitaji kibali. Tena waya wa shaba wa mtandao umewekewa na viwango vya kimataifa kikomo cha mita 100. Hata kama ungefika, waya wa shaba unaounganisha majengo mawili huweza kuipitisha athari ya radi kutoka jengo moja hadi la pili, na radi si kitu kigeni Dodoma mvua za Desemba zinapoanza.

Linalobaki ni kuunganisha ruta mbili kwa mawimbi ya redio. Muungano wa namna hii huitwa daraja. Yafaa ieleweke mapema kwamba mafanikio ya daraja hutegemea mambo mawili, na nguvu ya mashine si mojawapo. La kwanza ni vitu ambavyo wimbi linakutana navyo njiani. La pili ni namna anwani zinavyoandikwa juu ya ujumbe.

Wimbi na bati

Ruta nyingi za nyumbani hutumia masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, ya gigahezi 2.4 au 5. Katika gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, katika gigahezi 5 ni karibu nusu ya hapo. Urefu huo ndio ufunguo wa mambo mengi yanayofuata.

Mwanafizikia Heinrich Hertz, alipokuwa akifanya majaribio yake mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1888, alilielekeza wimbi la redio kwenye bamba la zinki na kuona kwamba linarudi kama mwanga unavyorudi kutoka kwenye kioo. Bati la Kizota ni chuma kilichopakwa zinki. Kwa hiyo kila paa, kila uzio wa mabati na kila geti la chuma ni kioo cha Hertz. Ruta iliyofichwa darini, chini ya bati, haiwezi kurusha wimbi kwenda juu, na wimbi linaloshuka huzungukazunguka ndani ya nyumba.

Dirisha nalo lina habari yake. Nondo za dirisha zilizoachana kwa sentimita kumi na tano hivi huacha sehemu kubwa ya wimbi ipite. Wavu wa mbu wa waya ni jambo jingine kabisa: matundu yake ni ya milimita moja au mbili, madogo mno kulinganisha na wimbi la sentimita 12.5, hivyo wimbi huuona wavu kama bamba zima. Mlango wa jiko la mikrowevu hutegemea kanuni hiyo hiyo. Jicho huona chakula kupitia matundu, bali mawimbi hayatoki. Kwa hiyo mwenye wavu wa alumini dirishani anaweza kuiweka ruta mahali panapoelekea kuwa pazuri kuliko pote, kumbe ameifungia katika kizimba. Wavu wa nailoni hauna madhara hayo.

Ukuta wa matofali ya saruji hupunguza nguvu ya wimbi, mara nyingi hata ikabaki sehemu ya kumi tu. Kuta mbili huibakisha sehemu ya mia. Umbali nao hupunguza, lakini kwa taratibu iliyo ya upole zaidi: hewani pasipo kizuizi, umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Ndiyo kusema kuta mbili huleta hasara ile ile ambayo ingeletwa na kuuzidisha umbali mara kumi. Muuzaji anayesifia ruta yenye antena sita kwamba "inapenya kuta" hasemi kwamba dirisha lisilo na wavu lingefanya kazi hiyo bure.

Nafasi kati ya madirisha mawili nayo ina masharti. Wimbi halisafiri kama uzi mwembamba. Hujaza umbo lililotuna katikati mfano wa muhogo mnene. Kwa mita 120 na gigahezi 2.4, nusu kipenyo cha umbo hilo katikati ya njia ni karibu mita 1.9, na mafundi hutaka angalau asilimia 60 yake, yaani mita 1.15 hivi, iwe wazi pande zote. Dirisha lililo mita 1.5 kutoka ardhini hutosha kwa shida, mpaka lori la kwenda kwenye maghala liegeshwe katikati. Hapo mtandao hukatika, na wakazi huilaumu kampuni ya simu. Kuziinua ruta hadi usawa wa mita tatu au zaidi, chini kidogo ya ukingo wa paa na upande wa nje wa bati, huondoa sehemu kubwa ya shida hiyo.

Lawama nyingine huiangukia mvua. Matone ya mvua kwa masafa haya hayana athari ya maana katika umbali wa mita mia kadhaa. Huanza kusumbua katika masafa ya juu sana, zaidi ya gigahezi 10. Aghalabu chanzo ni majani. Miti mingi ya uwanda wa kati hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Fundi akilijenga daraja mwezi Septemba, mti ulio katikati huwa matawi matupu. Januari mti huo umevaa majani mabichi, tena yenye maji juu yake, na maji hulifyonza wimbi. Hapa inafaa kusahihisha jambo ambalo huandikwa hata katika vitabu: gigahezi 2.4 haikuchaguliwa kwa kuwa ni masafa maalumu ya molekuli ya maji. Maji hufyonza mawimbi katika upana mkubwa wa masafa. Eneo hilo lilitengwa kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba, na mwaka 1985 Marekani ikaruhusu vyombo vya mawasiliano vya nguvu ndogo vilitumie bila leseni. Kiwango cha kwanza cha kimataifa cha mtandao wa namna hii kilitolewa mwaka 1997.

Anwani nne

Tuseme njia imekuwa wazi. Mtu huiambia ruta ya pili ijiunge na ya kwanza kama simu inavyojiunga, huchomeka kompyuta mbili nyuma yake, kisha hakuna kinachopita. Wimbi ni zuri, taa zinawaka, mtandao hamna. Kwa nini?

Kila ujumbe unaorushwa hewani hufungwa katika fremu, na juu ya fremu huandikwa anwani za vifaa. Kila anwani ina biti 48. Simu inapotuma ujumbe kupitia ruta, fremu huwa na anwani tatu: ya ruta inayopokea hewani, ya simu inayotuma, na ya kifaa cha mwisho kinachokusudiwa. Anwani ya nne haihitajiki, kwa kuwa simu iliyorusha wimbi ndiyo hiyo hiyo iliyoandika ujumbe.

Katika daraja, kauli hiyo si kweli tena. Kompyuta ya mjukuu ndiyo iliyoandika. Ruta ya pili ndiyo iliyorusha. Ruta ya kwanza ndiyo inayopokea. Kifaa cha mwisho kiko mbali zaidi. Ni kama mwanafunzi wa bweni aliyeandika barua, ikapelekwa posta na mkuu wa shule. Ikiwa juu ya bahasha pana nafasi ya jina moja tu la mtumaji, posta itaandika la mkuu wa shule, na jibu litafika ofisini bila mtu kujua ni la mwanafunzi yupi. Dawa yake ni fremu yenye nafasi nne. Taratibu hii, ambayo kwenye ukurasa wa ruta huonyeshwa kwa herufi WDS, ndiyo daraja la kweli.

Ipo njia nyingine, ambamo ruta ya pili huandika jina lake mwenyewe juu ya kila ujumbe na kuweka daftari la siri la kukumbuka majibu ni ya nani. Intaneti hupatikana, lakini nyumba mbili huwa mitandao miwili, na mashine ya kuchapa iliyo nyumba ya kwanza haiwezi kuitafuta kompyuta iliyo nyumba ya pili.

Kwa bahati mbaya watengenezaji hawakukubaliana juu ya kila kipengele cha WDS. Ruta za makampuni mawili huweza kukataa kuzungumza. Ni busara zote mbili ziwe za mtengenezaji mmoja, ikiwezekana za aina moja.

Kazi yenyewe

Kazi ianzie mezani, ruta zote mbili zikiwa pamoja, kabla mtu hajapanda ngazi. Kosa la mipangilio likigunduliwa mezani huchukua dakika tano. Likigunduliwa juu ya paa huchukua siku nzima.

Ruta zote huwekwa kwenye chaneli moja isiyobadilika, kwani ruta iliyoachiwa kujichagulia chaneli itahama usiku na kumwacha mwenzake. Katika gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Neno la siri huwa moja, na ulinzi uwe WPA2, uliopo tangu mwaka 2004, au WPA3. Baadhi ya ruta za zamani hukubali daraja kwa ulinzi wa WEP tu; ulinzi huo ulivunjwa na wataalamu mwaka 2001, na ruta ya namna hiyo haifai kununuliwa hata kwa bei ya bure. Kisha kila ruta huandikiwa anwani ya mwenzake.

Ruta ya pili hupewa namba yake ya mtandao. Ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili yaweza kuwa 192.168.1.2. Halafu huja hatua ambayo husahauliwa kuliko zote: kuizuia ruta ya pili isigawe namba, huduma inayoandikwa DHCP. Ruta mbili zinazogawa namba ni kama makarani wawili wa zahanati wanaogawa namba za foleni bila kuulizana. Wagonjwa wawili hujikuta na namba moja, na wengine huelekezwa kwenye mlango usio na daktari. Kosa hili huiangusha nyumba ya kwanza pamoja na ya pili, tena si mara moja bali polepole, kadiri simu zinavyozimwa na kuwashwa, ndiyo maana hupoteza siku nyingi za kutafuta.

Jambo la mwisho ni kasi. Ikiwa ruta ya pili inapokea kwa chaneli fulani na kuwahudumia wenye simu kwa chaneli hiyo hiyo, kila ujumbe hurushwa hewani mara mbili, na kasi hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Ruta yenye redio mbili huepuka hasara hiyo: daraja hupita gigahezi 5, simu hutumia 2.4.

Daraja la familia moja ni matumizi ya nyumbani. Kuwauzia majirani intaneti ni biashara, nayo huhitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Kutoka mita hadi kilomita

Kanuni hizi hazibadiliki umbali unapokua. Mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima nchini Venezuela, umbali wa kilomita 382, kwa vyombo vya jamii hii hii vyenye antena kubwa za ungo. Lakini milimani hakuna miti wala lori katikati.

Vijiji havina bahati hiyo. Wilayani Kondoa, kaskazini mwa jiji la Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakiongozwa na Dkt. Jabhera Matogoro, pamoja na tawi la Tanzania la Jumuiya ya Intaneti, walianzisha mtandao wa jamii mwishoni mwa miaka ya 2010. Walichagua masafa ya televisheni yaliyo wazi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na mengi ya masafa ya zamani hayana kituo katika maeneo ya vijijini. Katika megahezi 600 wimbi lina urefu wa nusu mita. Majani hayalifyonzi sana, nalo hujipinda kidogo juu ya kilima. Hasara yake ni kwamba umbo lile la muhogo hunenepa: kwa kilomita 10, nusu kipenyo chake katikati hufika mita 35, badala ya 18 hivi za gigahezi 2.4.

Jaribio la darasani

Jaribio hili huhitaji ruta, simu yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi kwa desibeli, kipande cha wavu wa mbu wa waya, kipande cha wavu wa nailoni na kipande cha bati. Simu huonyesha namba hasi. Ruta ya nyumbani hutoa takriban miliwati 100. Simu ikisoma −60, imepokea sehemu moja katika milioni 100 ya nguvu hiyo, na bado yatosha. Chini ya −80 mawasiliano huwa ya taabu.

Simu iwekwe juu ya kiti mita kumi kutoka kwenye ruta, isomwe mara kumi na wastani uandikwe. Kisha izungushiwe wavu wa nailoni, halafu wavu wa waya uliofunika pande zote, halafu bati liwekwe mbele yake tu. Wanafunzi waeleze kwa nini bati la upande mmoja huenda likapunguza kidogo kuliko wavu wa waya wenye matundu. Shule iliyo na mti unaopukutisha majani katika uwanja wake ichukue vipimo vya ng'ambo ya mti huo mwezi Septemba, iweke alama za chaki pale ruta na simu zilipokuwa, na ivichukue tena Januari siku moja baada ya mvua.