Uchovu usio wa malaria

Ukiishi Galula, kule bondeni ambako mto Songwe unaelekea Ziwa Rukwa, malaria huhitaji kufundishwa. Unaijua kwa mwili: viungo vinauma, miguu inakuwa mizito kama umebeba gunia la mpunga, chakula hakipiti, unataka kulala tu. Sasa jiulize, uchovu ule unatoka wapi hasa? Wengi tungejibu kwamba vimelea vinaharibu damu. Ni kweli, kwa sehemu. Sehemu nyingine inatengenezwa na mwili wako mwenyewe.

Kinga ya mwili ikigundua adui, chembechembe nyeupe za damu zinamwaga kemikali za kupashana habari, zinaitwa saitokini. Habari hizo zinafika hadi kwenye ubongo, na ubongo unatoa amri: lala, usile sana, acha kuzunguka. Ni amri ya busara. Hata ng'ombe akiugua utamkuta amejitenga, amelala chini. Nguvu zote zinapelekwa vitani. Vita vikiisha saitokini zinashuka, na baada ya siku kadhaa umerudi shambani.

Je, vikiwa vita visivyoisha, kwa sababu adui mwenyewe hayupo?

Hiyo ndiyo baridi yabisi. Mtaani jina hili tunalibandika kwenye kila maumivu ya viungo, hata goti la mzee lililosagika kwa miaka mingi ya jembe. Hapa nazungumzia ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo: vidole vya mikono yote miwili vinavimba, vina joto, na asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi kabla havijalegea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi nao, na karibu asilimia 70 yao ni wanawake. Saitokini zinazouchochea, kama TNF na interlukini-6, ni zilezile zinazopanda mtu akiugua malaria. Yaani mgonjwa anabeba uchovu wa homa pasipo homa, leo, kesho na mwezi ujao.

Kuna na jambo la damu. Interlukini-6 inaliamuru ini litoe homoni inayoitwa hepsidini, na hepsidini inafungia madini ya chuma ghalani. Chuma kipo mwilini, ila hakitoki kwenda kutengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupungukiwa damu huku anakula mboga za majani kila siku, na vidonge vya kuongeza damu peke yake vinaweza visimsaidie sana mpaka ugonjwa wenyewe utulizwe.

Sasa, tuseme ni mkamwana katika mji wa wakwe zake. Akiwa na kidonda watu wangekiona. Uchovu hauonekani. Saa tatu asubuhi bado hajakamata jembe, na maneno yanaanza: mvivu huyu, anajidekeza. Naye akichoka maneno anajiambia, labda ni malaria, ngoja nipite duka la dawa.

Hapo ndipo ninapotaka ukae makini, kwa sababu uchovu ukisomwa vibaya unaweza kumfikisha mtu kwenye kidonge cha hatari.

Dawa ya msingi ya baridi yabisi ni methotreksati. Ilianza kama dawa ya saratani: inazuia mwili kutumia folati, vitamini ambayo chembe hai zinaihitaji ili zigawanyike. Kwa dozi ndogo inatuliza kinga iliyochachamaa. Inamezwa mara moja kwa WIKI. Narudia, kwa wiki, si kwa siku. Tumezoea vidonge vya asubuhi na jioni, na watu wamekufa sehemu mbalimbali duniani kwa kuimeza kila siku, kwa sababu uboho unaotengeneza damu unazimika. Chagua siku moja isiyosahaulika. Jumamosi jioni inawafaa wengi, kwa kuwa kesho yake dawa yenyewe inaweza kuleta kichefuchefu na uchovu wake, na Jumapili si siku ya jembe. Daktari ataongeza foliki asidi, kwa kawaida imezwe siku tofauti, ili kupunguza madhara hayo. Usitegemee nafuu ya haraka. Inachukua wiki 6 hadi 12, na wengi huiacha katikati wakidhani haifanyi kazi.

Rudi sasa dukani. SP, ile ambayo wengi wanaiita Fansidar, ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia 2001 hadi dawa mseto ilipochukua nafasi yake mwaka 2006. Leo kazi yake kubwa ni kuwakinga wajawazito kliniki, lakini mazoea hayafi haraka. Ndani ya SP mna pirimethamini, nayo inaziba njia ileile ya folati inayozibwa na methotreksati. Septrin, ambayo tunaimeza kwa kikohozi, kuhara na hata bila sababu, ina trimethoprimu, ndugu yao. Ukiweka methotreksati pamoja na mojawapo, uboho unaweza kuanguka: vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, homa, damu kuvuja kwenye fizi. Ukiona hayo unawahi hospitali siku hiyohiyo. Dawa mseto ni ukoo mwingine, haigusi folati. Kwa hiyo ukihisi malaria, nenda zahanati upimwe, kile kipimo cha tone la damu kidoleni, na useme unatumia methotreksati kabla hujaandikiwa chochote. Na kama una homa kweli, usimeze dozi ya wiki hiyo kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu kinga imetulizwa na maambukizi yanaweza kupanda kasi.

Mtego mwingine ni utamu wa steroidi. Mwaka 1948 huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotizoni mwanamke aliyekuwa hawezi hata kutembea vizuri. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Kendall na Reichstein. Kumbe muujiza una bei: mifupa kudhoofika, sukari kupanda, kifua kikuu kilicholala kuamka. Prednisoloni na deksamethasoni ni watoto wa ukoo huo. Zina nafasi yake mikononi mwa daktari, hasa wakati methotreksati bado haijashika. Ila ukizimeza kwa wiki kadhaa kisha ukaacha ghafla, tezi zako zilizokwisha kulala haziamki siku hiyo, na unaanguka kwa uchovu mbaya kuliko ule wa mwanzo, pengine na kutapika na kizunguzungu. Zinapunguzwa polepole.

Nyumbani, kinachosaidia ni kugawa kazi kabla mwili haujakugomea. Siku nzuri ndiyo ya hatari: unajisikia mzima, unafua nguo zote, unatwanga, kisha siku tatu uko kitandani. Afadhali fua nusu, pumzika, malizia kesho. Kazi za vidole ziache mpaka ukakamavu wa asubuhi upite. Na ingawa inasikika kichekesho kumwambia mtu aliyechoka atembee, matembezi ya kiasi ya mara kwa mara yanapunguza uchovu huu. Komoni nayo iache, maana pombe na methotreksati vyote vinalielemea ini. Anayetaka mtoto amwambie daktari mapema. Dawa hii haipatani na mimba, inasimamishwa miezi kabla.

Kwa mtu wa Galula, vipimo vya damu na ini pamoja na daktari bingwa maana yake ni safari ya Vwawa au Mbeya, na nauli si mchezo. Uliza huko kama kipimo cha damu kinaweza kufanyika karibu na nyumbani kati ya kliniki na kliniki. Kabla hujaondoka, omba wakuandikie kwenye karatasi ngumu kwa herufi kubwa: METHOTREXATE, JUMAMOSI TU, HAKUNA SEPTRIN, HAKUNA SP. Mwenye duka la dawa aione karatasi hiyo kabla hajafungua kabati.