Kuisha, kulika na kuchakaa: Kiswahili cha injini kuukuu

MWENYE gari kuukuu mjini Nakuru hukosi kuisikia sentensi hii siku moja: "Mwalimu, hii gari inakula oili. Ringi zimeisha, tufungue tu." (Mimi huitwa mwalimu hata na mafundi wasionijua. Nadhani ni miwani.) Sentensi yenyewe ni fupi, lakini imebeba uamuzi mzito. 'Tufungue' maana yake ni kwamba kichwa cha injini kitang'olewa, pistoni zitatolewa, na gari litalala gereji siku kadhaa huku mwenyewe akitafuta pesa.

Wiki hii ninakusudia kuichambua sentensi hiyo kwa sababu wasomaji wengi wenye magari ya zamani hujitengenezea wenyewe siku hizi, na sehemu nyingi za injini ya zamani zinaweza kubadilishwa nyumbani kwa spana, bisibisi na subira. Aghalabu kinachowakwamisha ni neno, wala si spana. Mtu asiyejua kutaja kilichoharibika na jinsi kilivyoharibika hubadilisha kisichohitaji kubadilishwa.

Najua walimu wenzangu tayari wameshaona kosa la upatanisho wa kisarufi. Nomino 'gari' imo katika ngeli ya LI-YA, hivyo ilitakikana 'gari hili linakula'. Ni kweli. Hata hivyo, kosa hilo halijawahi kumgharimu mtu hata shilingi. Gharama imo katika kitenzi 'zimeisha'.

Katika gereji zetu, 'kuisha' kumekuwa neno la kufunika kila uharibifu unaoletwa na matumizi. Plagi zimeisha, beringi imeisha, mkanda wa feni umeisha. Kiswahili, lakini, kina vitenzi vinavyotenganisha uharibifu huo kwa uangalifu mkubwa. Kipo 'kulika', kinachotokana na 'kula' katika kauli ya kutendeka. Kisigino cha kiatu hulika upande mmoja. Jiwe la kunolea hulika katikati. Kitu kilicholika kimepunguka mwili kwa kusuguliwa. Kipo pia 'kuchakaa', ambacho ni kuzeeka kwa kutumika: nguo huchakaa, mkeka huchakaa. Kitu kilichochakaa huenda hakijapunguka hata kidogo. Kimepoteza ulaini au nguvu zake tu. 'Kuisha' nako, kikitumiwa inavyostahili, ni kufikia kikomo.

Sasa tuirudie injini. Chuma kinachosuguana na chuma hulika: ringi za pistoni, kuta za silinda, beringi za krankshafti, meno ya cheni ya taiming. Mpira na vitu vya jamii yake huchakaa: paipu za maji, sili, mkanda wa feni, mfuniko wa redieta. Tofauti hii ndiyo humwambia mtu kazi ataifanyia wapi. Aghalabu kilichochakaa hubadilishwa nje ya injini, nyumbani, mchana mmoja. Kilicholika mara nyingi kimo ndani, na kukifikia ni lazima injini ifunguliwe.

'Kula oili' ni mfano mwafaka, maana oili hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni ringi zilizolika, ambazo huiacha oili ipande kutoka chini hadi kwenye chumba cha moto. Ya pili ni sili za valvu, vipete vidogo vya mpira vilivyochakaa na kuwa vigumu kwa joto, vikaacha oili idondoke kutoka juu. Zote mbili hutoa moshi wa samawati. Ukiambiwa tu kwamba injini inakula oili, hujaambiwa ni mdomo upi unaokula.

Wakazi wa huku tuna bahati ya kuwa na barabara inayojibu swali hilo. Ondoka Nakuru uelekee Eldoret. Ukipita Salgaa, mlima huanza kukaza hadi Mau Summit. Ikiwa gari hutoa moshi wa samawati wakati linapanda, umekanyaga mafuta na injini inalalama, zishuku ringi. Kisha geuka urudi. Shuka mtelemko ule mrefu kwa gia bila kukanyaga mafuta, na ukifika palipo tambarare kanyaga. Wingu la samawati likitoka wakati huo, halafu likapungua, zishuku sili za valvu: wakati wa kushuka, injini ilikuwa ikivuta hewa kwa nguvu na ikafyonza oili iliyokuwa juu. Moshi unaotoka asubuhi gari linapowashwa baada ya kulala usiku kucha huashiria vivyo hivyo. (Mtelemko huo umeua watu wengi, jaribio hili lifanywe kwa mwendo wa pole, breki zikiwa nzima.)

Anayetaka uhakika zaidi apime kompresheni. Plagi hutolewa, geji hushikishwa kwenye tundu la plagi, kisha injini huzungushwa kwa stata na namba kuandikwa. Halafu kijiko kimoja cha oili humiminwa katika silinda iliyo dhaifu na kipimo kurudiwa. Namba ikipanda sana, oili imeziba kwa muda mwanya uliokuwa kati ya ringi na ukuta, na hapo unaweza kusema kwa kinywa kipana kwamba ringi zimelika. Isipopanda, hewa inatorokea kwingine, kwenye valvu au gasketi. Geji yenyewe si ghali ikilinganishwa na 'tufungue tu'.

Sili za valvu zenyewe hubadilishwa bila kugusa pistoni, na katika injini nyingi bila hata kung'oa kichwa. Kwa hivyo kati ya 'zimelika' na 'zimechakaa' kuna tofauti ya siku kadhaa za kazi na fedha nyingi.

Kitenzi kingine kinachostahili heshima kuliko kinavyopewa ni 'kuchemka'. Wapo wanaodhani kwamba 'gari limechemka' ni tamathali tu. Sivyo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700, huchemka kwenye 91 hivi. Injini nyingi hufanya kazi katika joto linalokaribia au kupita namba hizo. Kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo linalotunzwa na mfuniko wa redieta, na mfuniko huo hutegemea springi pamoja na kipande cha mpira kisichozidi upana wa kifuniko cha chupa. Mpira ukichakaa, shinikizo hutoroka na maji huchemka kikwelikweli, hasa mlimani. Mtu akiwa Mombasa anaweza kuuvumilia mfuniko mbovu. Akiwa Molo hawezi. Ni miongoni mwa sehemu za bei ya chini kabisa na hubadilishwa kwa mkono mtupu, mradi injini iwe imepoa. Ukiufungua ikiwa moto, shinikizo huondoka ghafla, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni.

Ukizembea, kichwa cha injini hupinda, hasa kilichoundwa kwa aluminiamu, na gasketi huungua. Hapo ndipo kazi ya kufungua huwa haiepukiki, na hapo ndipo sarufi yetu hung'aa. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ile inayofuta tendo lililotendwa: funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa, bandika na bandua. Wanafunzi huikariri kauli hii kwa ajili ya mtihani. Kwa anayefungua injini ni mpango mzima wa kazi. Kila ulichokifungua utakifunga, kila ulichokichomoa utakichomeka, kwa utaratibu wa kinyume. Bolti za kichwa hulegezwa kuanzia pembeni kwenda katikati. Wakati wa kurudisha, hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, tena kwa awamu. Mafundi wana maneno mazuri ya awamu hizo: kwanza 'shikisha', kisha 'kaza', halafu 'maliza'. 'Kumaliza' hufanywa kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Ila kauli hiyo ina mpaka. Gasketi ya kichwa ikishabanduliwa haibandikwi tena, hununuliwa mpya. 'Kulika' nako hakuna kinyume chake. Hakuna kitenzi cha Kiswahili kinachorudisha chuma kilicholika, ndiyo maana kitenzi kinachofuata huwa ni 'badilisha', si 'rekebisha'.

Wazee wa Bonde la Ufa wataikumbuka Peugeot 504, gari lililoanza kuundwa mwaka wa 1968 na kushinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Bado kuna pikapu za aina hiyo zinazobeba viazi na kabichi. Injini yake ya petroli ni rafiki wa anayejitengenezea kwa sababu kuta za silinda ni mirija inayochomolewa, ambayo mafundi huiita laina. Laina ikilika haipelekwi kuchongwa. Huchomolewa ikachomekwa nyingine pamoja na pistoni na ringi zake. Hata hivyo, ukishang'oa kichwa usiizungushe injini kabla ya kuzibana laina zisipande. Zikipanda, sili zilizo chini huachia, na maji hushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Utajua siku chache baadaye, oili itakapokuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kuhusu majina ya sehemu zenyewe sina ugomvi mkubwa. Pistoni, gasketi, beringi na kabureta zimeingia katika ngeli ya I-ZI, makao ya kawaida ya nomino za mkopo, na zimetulia humo. Wapo wanaotaka kila kimoja kiundiwe jina la asili. Mimi naona ni kupoteza wakati, maana mwenye duka la spea hatalijua jina hilo. Vitenzi vya mkopo ndivyo vinavyonivutia. 'Kuseti' tapeti, 'kuskimu' kichwa kilichopinda, injini 'kunoki'. Hivi hukubali kauli ya kutendea na ya kutendwa bila taabu: 'nisetie tapeti', 'zimesetiwa'. Kauli ya kutendua, hata hivyo, vimeikataa. Sijasikia fundi yeyote akisema 'setua'. Kauli hiyo haizai sana siku hizi, na viambo vyake vimebaki na vitenzi vya jadi.

Jambo la mwisho ni la dukani. Beringi za krankshafti ni vipande vyembamba vilivyopinda kama ganda, na nyuma ya kila kimoja huwa pamepigwa chapa: STD, au 0.25, au 0.50. STD ni kipimo cha kiwandani. Namba zile nyingine ni milimita: zinaonyesha kwamba krankshafti ililika, ikachongwa kwa kiasi hicho ili iwe laini tena, na sasa inahitaji beringi nene zaidi. Kwa hivyo, kabla ya kuondoka nyumbani, futa grisi nyuma ya beringi kuukuu, usome na uandike. Muuzaji atakuuliza, "Unataka standadi ama?" Ukimjibu tu kwamba zimeisha, atakupa STD. Nazo zikifungwa kwenye krankshafti iliyokwisha kuchongwa, zitaacha mwanya, oili itakosa shinikizo, na injini itaanza kugonga hata kabla hujafika Gilgil.