Mkojo Wenye Povu: Figo Zinapovuja Protini

Mara nyingi mgonjwa wa sukari au presha akienda kliniki huambiwa alete mkojo. Wengi hushangaa: sukari iko kwenye damu, mkojo ni wa nini? Tueleze.

Kila figo ina machujio madogo sana yapatayo milioni moja. Yanafanya kazi kama chujio la chai: maji na taka hupita, majani hubaki. Majani yetu hapa ni protini, hasa albumini, ambayo husaidia kushika maji ndani ya damu. Chujio likiharibika, albumini huvuja. Mkojo unatoa povu lisiloisha upesi. Uvujaji ukizidi, uso huvimba asubuhi na miguu jioni.

Mwaka 1827, daktari Richard Bright wa London alieleza jinsi mkojo wa wagonjwa waliovimba ulivyoganda kama ute wa yai ulipopashwa moto. Walipokufa, figo zao zilikutwa zimeharibika. Mwaka 1998, Karl Tryggvason na wenzake waligundua nefrini, sehemu ya wavu wa chujio lenyewe. Watoto wengine huko Finland huzaliwa na kasoro ya nefrini, na figo zao huvuja tangu mwanzo.

Je, kuna dawa? Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa sukari 409 waliokuwa wakivuja protini. Presha ilidhibitiwa katika makundi yote mawili, lakini kundi moja liliongezewa kaptoprili. Katika kundi hilo, waliokufa au kuhitaji mashine au figo mpya walikuwa karibu nusu tu ya wale wa kundi la pili. Tangu hapo zimepatikana dawa nyingine pia. Lakini dawa za aina ya kaptoprili hazifai kwa mama mjamzito.

Wengine husema, kama protini inapotea basi tule nyama na mayai kwa wingi. La! Hiyo haizibi chujio. Yaweza kuzidisha mzigo wa figo.

Ndugu msomaji, usingoje maumivu. Figo huharibika kimya kimya. Kama una sukari au presha, omba mkojo upimwe angalau mara moja kwa mwaka. Ni kijiti tu, na majibu ni ya dakika chache. Na zile dawa za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, usimeze kila siku bila kumuuliza daktari.